Moshi wa Bibi Minza

Jumatatu, 3 Juni

Saa moja kasoro nimefika thieta. Mtungi wa oksijeni umejaa. Mashine ya kunyonya inanguruma vizuri. Dawa ziko kabatini. Kipimo cha kidole nimekijaribu kwenye kidole changu mwenyewe: tisini na nane, mzima wa afya. Nikavaa kofia. Nikakaa tayari, mtaalamu wa usingizi wa kituo kizima cha afya, namsubiri mgonjwa wangu wa kwanza wa wiki.

Mgonjwa wa kwanza wa wiki amekimbia.

Mzee Luhende. Ngiri ya upande wa kulia, mwaka wa tatu anatembea nayo. Alikuja kwa miguu yake. Gauni la kijani alivaa mwenyewe. Kisha Daktari Edga akamsomea fomu ya ridhaa mpaka akafika kwenye neno nusukaputi. Mzee akauliza hiyo ni kitu gani. Daktari ni mtu wa Tanga, anadhani Kiswahili chake kinafika kila mahali. Akamjibu: ni dawa mzee wangu, hutasikia kitu hata ukikatwa. Mzee akaomba kwenda kujisaidia. Mara ya mwisho kaonekana nyuma ya bodaboda, barabara ya Segese, gauni linapepea na mgongo wote uko nje.

Wodini wamecheka mpaka machozi. Mimi sikucheka. Huyu ni wa nne tangu Pasaka. Nilisoma mwaka mzima, nikaacha nyumba yangu Ngokolo mjini, nikaja huku vumbini kuwaondolea watu maumivu, na watu wanapanda bodaboda uchi kunikimbia. Inaniuma. Na gauni limeenda. Tulikuwa na sita.

Jumanne, 4 Juni

Leo ameletwa Mama Kulwa. Binti wa miaka ishirini na kitu, mwembamba, haongei sana. Bega la kulia limechomoka tangu Jumamosi. Anaponda mawe kule mwaloni, wanakosaga na kuosha mawe ya dhahabu. Alikuwa na kiroba kichwani, akateleza kwenye tope, akaangukia mkono.

Kaja na mama mkwe wake, Bibi Minza, na mapacha wa miezi minane, Kulwa na Doto. Mkono wa kulia hauinuki hata kidogo. Ananyonyesha mmoja mmoja kwa mkono wa kushoto. Wa kwanza akinyonya, wa pili analia mpaka sauti inakauka. Tangu Jumamosi hali ni hiyo. Mama mtu anamwangalia yule anayelia, hawezi hata kumvuta karibu. Nimeshindwa kuangalia, nikajifanya natafuta pamba.

Daktari akajaribu kulivuta bega hivyo hivyo. Misuli ikabana kama imefungwa kamba. Mama Kulwa akang'ata khanga na hakupiga kelele, bora angepiga. Haikuwezekana. Daktari akasema huyu lazima apewe dawa kwanza misuli iachie. Akanigeukia mimi nieleze.

Nikajiona mjanja. Nusukaputi sitamki. Nikasema, Bibi, tutampa dawa ya kutuliza.

Bibi Minza ni mrefu, kanizidi kichwa kizima. Kanitazama kutoka huko juu. "Sista, mkamwana wangu si kichaa. Dawa ya kutuliza alipewa Masele, aliyekuwa anavua nguo njiani. Huyu kaumia bega."

Kamfunga mkono kwa khanga, kamsimamisha. Wameenda kwa fundi wa mifupa. Nimebaki na sindano mkononi. Nimekasirika hadi chai imenishinda.

Jumatano, 5 Juni

Hakuna upasuaji. Nimekaa thieta peke yangu na kukaa na hasira ni kazi pia.

Darasani mambo yalikuwa rahisi. Tulikuwa na neno la Kiingereza, zuri, limenyooka, tukalikariri. Mwalimu akatueleza maana yake: mgonjwa yuko katikati. Anapumua mwenyewe. Ukimwita jina anaitika. Ila maumivu hayamfikii, misuli imelegea, na baadaye hakumbuki. Tukaandika, tukafaulu, tukapewa vyeti. Hakuna aliyetufundisha namna ya kumwambia jambo hilo mtu mwenye hofu, ambaye Kiswahili chenyewe kakikuta shuleni, kama alikwenda shule.

Nimeandika maneno yote ninayoyajua. Nusukaputi: wanasikia nusu ya kifo, na wanajiuliza nusu nyingine nani ataizuia. Kutuliza: ni ya vichaa. Ganzi: ni ya jino, nayo haifiki begani. Wachimbaji wana stimu, ya bangi na pombe, na nikimwambia Bibi Minza nataka kumpa mkamwana wake stimu atanipiga.

Nimempigia mama yangu Ngokolo. Nimemuuliza Kisukuma wanasemaje. Kacheka. Eti zamani mtu akivunjika walimkalia wanaume wanne, mmoja kila kiungo, neno la nini? Kisha kanisema kwamba mimi Msukuma gani, Kisukuma changu ni cha kusalimia na kununulia nyanya. Kweli tupu. Nimeona aibu.

Alhamisi, 6 Juni

Wamerudi!

Fundi wa mifupa alivuta mara tatu. Mara ya tatu Mama Kulwa akazimia. Bega limevimba, linang'aa. Bibi Minza kakaa kwenye benchi kama mtu aliyetoka msibani. Hakuniangalia.

Daktari kaniita pembeni. Kasema siku zinakwenda. Zikipita wiki mbili misuli itakakamaa, halitarudi kwa kuvutwa, itabidi apelekwe hospitali kubwa akapasuliwe. Na sote tunajua Bibi Minza akisikia kupasuliwa watarudi nyumbani na ndiyo imetoka. Mkono wa kulia wa mponda mawe mwenye watoto wawili mgongoni.

Safari hii nimelegeza ulimi. Nikamwambia Mama Kulwa: utalala kidogo tu, ukiamka bega limerudi.

Bibi Minza kainua kichwa. "Kulala tu?"

"Kulala tu, Bibi."

"Kulala kila mtu analala," kasema. Akatabasamu. Nami nikatabasamu. Baba Kulwa yuko machimboni upande wa Geita, akapigiwa simu, akasema mama akikubali yeye kakubali. Nikawaambia asile kitu kuanzia saa nne usiku. Nimesema mara moja, haraka haraka, nikiwa nimeshaanza kujipongeza. Kesho saa mbili. Hatimaye.

Ijumaa, 7 Juni

Siku mbaya. Naiandika upesi nimalize.

Mama Kulwa kitandani, dripu imewekwa, dawa zimevutwa. Nimemuuliza, umekula? Kasema, sijala sista. Nimemuuliza Bibi. Kasema, hajala. Nimeinama kumwekea oksijeni nikasikia harufu ya karanga.

Nikasimama. Nikamwambia afungue mdomo. Kipande cha mchembe kimekaa nyuma ya gego.

Michembe! Chini ya kitanda cha wodini lilikuwepo bakuli, viazi vikavu vilivyochemshwa na karanga za kusaga, na kibuyu cha maziwa mgando, kitupu. Alfajiri hii hii. Bibi Minza wala hakuficha. Kwake mtu halazwi tumbo tupu. Tangu yeye mwenyewe alipoolewa hajawahi kumwacha mtu wa nyumbani mwake alale na njaa, na mkamwana akilala na njaa aibu ni ya mama mkwe. "Si umesema analala? Nimemlisha alale vizuri." Na kuhusu kula, hakusema uongo. Ugali hajala. Hapa mtu ambaye hajagusa ugali hajala, hata kama kamaliza bakuli la viazi.

Hayo yote nimeyafikiria sasa. Asubuhi sikufikiria kitu. Nimepiga kelele mlangoni mwa wodi. Mbele ya wodi nzima nimemwambia mwanamke mwenye umri wa mama yangu: unataka kumuua?

Wagonjwa wote wamegeuka. Neno kuua, limetoka kinywani mwa mtu wa usingizi.

Bibi Minza kamfunga Doto mgongoni. Kamchukua Kulwa. Kamwambia mkamwana wake vaa twende. Mama Kulwa kanikazia macho, sijui ni kunilaumu au kuniomba, halafu kamfuata.

Tungeweza kusubiri. Saa nane mchana tumbo lingekuwa tupu. Ilikuwa ni kukaa kwenye benchi tu. Mdomo wangu huu.

Jumamosi, 8 Juni

Nimefua. Nimefua hata vilivyokuwa safi.

Daktari Edga kapita kuchukua ufunguo wa stoo. Kasita mlangoni. "Sista Rehema, usikasirike. Ila aliyesema kulala ni wewe."

Nimekasirika. Kisha alipoondoka nimekubali. Bibi alisikia nilichosema na akafanya kila kinachotakiwa kufanywa na mama mwema. Bakuli lile alitoka nalo kwake gizani, mwendo mrefu, ili binti wa watu asilale na njaa.

Leo wiki moja bega liko nje. Nimemuota Doto analia.

Jumapili, 9 Juni

Nimetoka kanisani nikapanda bodaboda na kilo mbili za sukari. Sikumwambia mtu. Nilijua nikimwambia mtu nitaghairi.

Kwa Bibi Minza ni mbele ya mashamba ya pamba, nyumba mbili za tofali na zizi. Michembe imeanikwa juu ya jiwe kubwa, nimeipita naiangalia kwa chuki. Bibi nilimkuta nyuma ya nyumba. Nikapiga magoti kwenye vumbi na sketi yangu ya kanisani, kama wanavyopiga wanawake wa huku. Sijawahi kupiga magoti hivyo tangu utoto. Shikamoo Bibi. Marahaba, baridi kabisa. Nikamwomba msamaha. Nilisema yote: nimekukosea adabu, nimekuaibisha mbele ya watu, ulimtendea wema na mimi nikakutukana.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Sawa. Subiri, nina kazi."

Kazi yenyewe ni mzinga. Mzinga wa gogo aliouacha marehemu mume wake, umening'inizwa kwenye mti nyuma ya zizi, chini chini, yeye anaufikia kwa stuli. Tulingoja mpaka jua likashuka. Akachukua kigae chenye makaa, akaweka kinyesi kikavu cha ng'ombe, moshi mweupe ukatoka. Mimi nilisimama mbali, karibu na ng'ombe, mnyama ninayemwogopa pia lakini kidogo.

Nyuki walikuwa wanavuma kwa ukali. Bibi akapuliza moshi kidogo mlangoni mwa mzinga. Akangoja. Akapuliza tena kidogo. Sauti ikabadilika, ikashuka. Akaondoa kifuniko, akaingiza mkono mtupu. Mkono mtupu! Nyuki wakampanda kiganjani, kwenye kiwiko, wanatembea polepole, hakuna anayechoma. Akatoa sega la kwanza, jeupe, linachuruzika.

Nikamuuliza kutoka kwa ng'ombe, wamelala?

"Hawajalala. Huoni wanatembea?"

Wamekufa?

"Wamekufaje? Kesho asubuhi utawakuta kwenye maua ya pamba. Wametulia tu. Moshi umewashika."

Bibi kageuka na sega mkononi akanitazama kwa muda, halafu kaniuliza swali ambalo nitalikumbuka nikiwa kikongwe. "Ndicho unachotaka kumfanyia mkamwana wangu?"

Ndiyo. Ndiyo Bibi! Ndicho hicho!

Nimeruka kama mtoto. Nyuki mmoja ambaye moshi haukumpata kanichoma sikioni, nimepiga yowe, na Bibi Minza kacheka kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Kanitoa mwiba kwa ukucha. Kisha kanikalisha kwenye stuli yake akaanza kunihoji, na wakaguzi wa wizara hawajawahi kunihoji hivyo.

"Moshi ukizidi nyuki wanakufa. Wewe unajuaje umezidi?"

Nikamwambia natia kidogo, nangoja, natia kidogo, kama yeye. Kidoleni namvalisha kitu kinachohesabu pumzi na damu, kikiona vibaya kinalia.

"Na kisipolia?"

Namwangalia kifua. Mkono wangu uko kwenye kidevu chake muda wote.

"Ukiitwa nje?"

Siendi. Hata nyumba ikiungua siondoki kichwani pake.

Hapo akaitikia kwa kichwa polepole. "Hata mimi mzinga ukiwa wazi siondoki."

Kuhusu chakula nimemweleza sasa kama nilivyotakiwa kumweleza Alhamisi. Moshi ukimshika mtu, koo nalo linatulia. Linasahau kazi yake. Chakula kikirudi juu hakuna wa kukizuia, kinaingia kwenye njia ya pumzi, mtu anazama kwa viazi vyake mwenyewe. Ndiyo maana tumbo linatakiwa tupu. Si ugali peke yake. Viazi, uji, maziwa, vyote.

Bibi Minza kaweka mkono mdomoni. "Mayu wane, mama yangu! Na mimi nilimpa bakuli zima." Kisha macho yakawa makali tena. "Kwa nini hukusema hivi siku ile?"

Nilisema, sikujua namna ya kusema.

Kaweka sharti moja. Atakuwepo ndani, karibu, aone. Kanuni zetu zinakataza. Nimekubali papo hapo.

Mama Kulwa alikuwa mlangoni mwa jiko anamnyonyesha Kulwa, Doto analia kwenye mkeka. Sasa kasema, taratibu, macho chini mbele ya mkwe wake: "Mama, mimi nautaka huo moshi."

Nimerudi na sikio limevimba na chupa ya asali. Nina furaha isiyo na mfano.

Jumatatu, 10 Juni

Bega limerudi!

Ngoja niandike kwa mpangilio.

Saa kumi na mbili na nusu wameshafika. Bibi Minza kamlinda mkamwana wake tangu jana jioni. Nyumbani sufuria kaipandisha darini. Wodini, mama wa kitanda cha jirani alipotoa kikombe cha uji kwa huruma, Bibi kamfokea mpaka uji umemwagika. Mwenyewe pia hajala. Nikamwambia yeye hana haja. Kasema hawezi kutafuna wakati binti ana njaa. Mapacha wamebaki na dada wa Baba Kulwa kwenye benchi la nje.

Nimemvalisha Bibi gauni la kijani. Limeishia magotini. Kofia nayo. Daktari Edga alipomwona akasema hapana, Sista, haiwezekani, kanuni. Nikamwambia akitoka yeye na mimi natoka. Kanitazama, kamtazama Bibi, akaenda kunawa mikono.

Nikamsimamisha Bibi upande wa kushoto wa kichwa, mimi kulia. Dawa nikatia kidogo. Nikangoja. Nikasikia Bibi pembeni anapumua pamoja na mimi. Nikatia kidogo tena. Macho ya Mama Kulwa yakalegea, nusu wazi. Uso ule uliokuwa umekunjamana tangu Jumanne ukafunguka. Kipimo cha kidole kinasoma tisini na saba. Kifua kinapanda, kinashuka.

"Mama Kulwa!" Bibi kamwita.

"Mm."

Bibi kanigeukia. Sauti ndogo, ya mtu aliyeko kanisani. "Hajalala. Hajafa." Kisha kainama, kamwangalia mdomo na pua kwa karibu. "Moshi umemshika."

Daktari akaushika mkono, akauvuta polepole, bila nguvu, akauzungusha nje kidogo. Misuli iliyopigana naye Jumanne, iliyomshinda fundi wa mifupa, imelala kama uzi. Dakika moja. Ya pili. Halafu sauti, tumeisikia wote watatu: bega limeingia mahali pake.

Bibi Minza akapiga vigelegele. Ndani ya thieta! Vigelegele vya arusi, vya kweli, ulimi wote. Nje benchini wakavipokea, wodini wakavipokea, mtu wa dirisha la dawa akatoka mbio kuuliza nani kajifungua. Daktari Edga kasimama na glavu zake hajui aweke wapi uso. Nilikuwa nacheka na machozi yanaingia kwenye barakoa. Mkono wangu ulibaki kidevuni pa Mama Kulwa. Sikuutoa.

Baada ya robo saa hivi Mama Kulwa kafumbua macho sawasawa. Kaangalia dari. Kaangalia Bibi na kofia yake. Kauliza: "Mtaanza saa ngapi?"

Tumecheka mpaka Daktari kakaa chini sakafuni.

Bibi Minza kanishika mikono yote miwili kabla ya kutoka. "Wabeja, ng'wanone. Wabeja gete." Asante mwanangu, asante sana. Hicho Kisukuma nakijua.

Nimeshinda. Naliandika hivyo hivyo, na nitalisoma kesho tena.

Jumanne, 11 Juni

Habari imefika sokoni kabla yangu. Asubuhi muuza nyanya kaniuliza kama mimi ndiye sista wa moshi. Nikasema ndiye. Daktari Edga ana wasiwasi, maana hapa moshi ni jina la gongo pia, eti tutaletewa polisi. Nikamwambia waje, nitawapa kofia wakae kichwani pa mgonjwa.

Fomu ya ridhaa sina mamlaka ya kuibadilisha. Lakini chini yake nimeandika kwa kalamu, mistari minane, kama nilivyomwambia Bibi nyuma ya zizi. Moshi kidogo kidogo. Siondoki. Tumbo tupu, hata maziwa. Daktari kaisoma mara mbili, kisha kaenda kutoa nakala.

Ijumaa, 21 Juni

Wiki hii watu watatu. Jipu kubwa la paja, mkono uliovunjika, na mtoto mwenye ushanga puani. Hakuna aliyekimbia. Bibi wa yule mtoto kaniuliza kitu kimoja tu: moshi wangu ni wa kinyesi cha ng'ombe au wa kuni? Nimemwonyesha chupa. Ameona ni ndogo mno, hakuridhika, lakini kakubali.

Nimechoka vizuri. Mama kanipigia kutoka Ngokolo, kasikia huko huko mjini kwa mtu aliyetoka huku Kharumwa. Kajidai kwamba neno lile alikuwa analijua siku zote.

Jumatatu, 1 Julai

Asubuhi ya baridi. Vumbi limetulia kwa umande.

Mama Kulwa kaja kufunguliwa mkono, wiki tatu kamili. Daktari kamwinua, kamshusha, kamzungusha. Kasema mawe bado, mpaka mwezi mwingine, lakini watoto ruksa. Nilipopita benchini baadaye nilimkuta kakaa kaegemea ukuta, Kulwa upande huu, Doto upande ule, wote wananyonya kwa pamoja. Mikono yake yote miwili imewazunguka. Bibi Minza kando yake anatafuna karanga, anaangalia barabara. Hakuna aliyekuwa analia. Sikusimama, nimepita tu.

Saa mbili nilikuwa thieta nakagua mtungi. Mlango ukagongwa. Nimefungua, ni Mzee Luhende. Ana koti lake la Jumapili na kifurushi cha gazeti chini ya kwapa.

Shikamoo mzee. Marahaba.

Kanipa kifurushi. Ndani gauni la kijani, limefuliwa, limepigwa pasi, limekunjwa mara nne.

"Nimekuja kwa moshi," kasema. "Minza kaniambia nisile. Tangu jana jioni sijala. Si ugali, si mchembe, si maziwa. Maji nimesukutua nikatema."

Nimemwambia ukweli. Ngiri yake inataka moshi mzito kuliko wa Mama Kulwa, hataitika nikimwita. Lakini atapumua, na nitakuwa naziangalia pumzi zake. Kafikiri. Kauliza kama nitatoka kichwani pake. Nikamwambia sitoki.

Kavua koti, kalitundika kwenye msumari mwenyewe. Nimemvisha gauni. Kageuka, na mimi nikamfunga kamba za mgongoni, moja moja, mpaka ya mwisho.